Medali Bila Jasho

Sogea karibu, mpendwa, na punguza sauti.

Mahubiri ya imani na riadha umeshayasikia ya kutosha. Kwaresima ikikaribia, mchungaji hufungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, akatuhimiza tukimbie kama watu wenye nia ya kushinda. Paulo simlaumu. Korintho ilikuwa jirani na Isthmia, palipofanyika michezo kila baada ya miaka miwili, na wasomaji wake walikuwa wamewaona kwa macho yao vijana waliojinyima kwa miezi kadhaa ili wavikwe taji la majani ya msonobari. Mfano aliuchagua vizuri. Kosa lake ni kwamba baada ya mfano alidai mazoezi.

Mwongozo huu haudai mazoezi. Umeandikwa kwa ajili yako wewe unayependa kuonekana umefika, ila safari yenyewe inakuchosha ukiifikiria tu.

1. Anza na vazi

Kocha wa kweli huanza na miguu yako. Wewe anza na duka. Nunua Biblia yenye jalada la ngozi na zipu, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka benchi la tatu. Nunua na kalamu za rangi nne. Jumamosi usiku, mpira ukiendelea kwenye runinga, piga mistari. Usihangaike na Zaburi ya 23, huko kila mtu ameshapiga. Nenda Mambo ya Nyakati, katikati ya yale majina ya wana wa Yuda, chagua jina moja, lipigie mstari mwekundu na pembeni andika "Kumbe!" Atakayeiazima Biblia yako hatalala siku hiyo. Kunja pembe za kurasa chache. Dondoshea Warumi tone moja la chai.

Ukidhani natania, nenda Moshi siku ya Kilimanjaro Marathon. Wapo wa kilomita 42, wapo wa 21, na lipo lile kundi la kilomita 5 ambalo sehemu kubwa hutembea huku likijipiga picha. Jumatatu ofisini, nani anaingia na fulana ya mbio? Wa kilomita 42 humwoni. Yuko nyumbani anashuka ngazi kinyumenyume.

2. Tafuta kocha asiyekufahamu

Hapa uwe makini, maana wengi wameharibikiwa hapa.

Mwaka 1976 mtawa mmoja wa Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's pale Iten, Kenya, kufundisha jiografia. Ukocha hakuusomea popote. Alikaa pembeni ya uwanja akawatazama watoto wakikimbia, na akaendelea kuwatazama kwa miaka mingi. Katika shule hiyo alitoka Peter Rono, aliyechukua dhahabu ya mita 1500 huko Seoul mwaka 1988. Baadaye Bruda huyo huyo alimnoa David Rudisha, ambaye London mwaka 2012 alikimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo.

Umeona hatari ilipo? Mtu anayekutazama miaka yote hiyo anajua bega lipi hupanda ukichoka. Anajua ni mzunguko gani huwa unaanza kudanganya. Kocha wa namna hiyo usimruhusu akaribie roho yako. Mwepuke mchungaji anayefahamu kwako. Mwepuke zaidi mzee wa kanisa anayemjua mkeo, anayekujua kazini, na aliyekuwepo siku ulipogombana na fundi bomba.

Wewe chukua mhubiri wa kwenye simu. Ana sauti nzuri, ana suti, anahubiri kutoka mji ambao hutafika, na hatakuuliza kwa nini Jumatano hukuonekana kwenye jumuiya. Akigusa mahali panapouma, unamzima. Hebu jaribu kumzima mzee wa kanisa.

Kama umeshakwama na kocha halisi, iga klabu zetu za Kariakoo. Simba wakisuasua, kocha aende. Yanga wakisuasua, kocha aende. Mshambuliaji aliyekosa penalti anabaki na jezi yake na mshahara wake. Nawe mambo yakienda mrama, hama kanisa. Sababu isiwe wewe. Sema tu, kwa upole, "Pale nilikuwa silishwi." Hakuna atakayekuuliza ulikuwa unafungua kinywa mara ngapi kwa wiki.

3. Daftari liwe mbali nawe

Eliud Kipchoge, toka mwaka 2003, anaandika mazoezi yake yote kwenye madaftari: umbali, muda, mwili ulivyojisikia. Kabla ya hapo, akiwa kijana tu wa Nandi, alimfuata Patrick Sang, mshindi wa fedha wa mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, akamwomba programu ya mazoezi. Akapewa. Akaenda akaifanya. Akarudi kuomba nyingine. Nakusihi uitafakari tabia hiyo kwa huzuni: mtu anapewa programu, na anaifanya!

Daftari ni shahidi wa upande wa mashtaka. Fikiria umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Jumatatu, sala, dakika nne, tatu kati ya hizo nikiwaza kodi ya nyumba. Jumanne, hakuna. Jumatano, nilimsema jirani. Alhamisi, hakuna." Utaishije na karatasi kama hiyo ndani ya nyumba? Bila daftari, mwezi mzima unakuwa mzuri kadiri unavyoukumbuka, na wewe una kumbukumbu yenye huruma. Ukiulizwa, jibu, "Huwa naomba asubuhi." Asubuhi ipi, ya mwaka gani, hayo ni mambo ya wenye madaftari.

Kwa bahati mbaya usharika una daftari lake, lile la mhazini, na bahasha yako ya ahadi ina namba. Hapo huna ujanja wa kudumu, ila upo wa Jumapili moja moja: noti ya elfu moja, mpya, ukiikunja mara tatu inaitunisha bahasha vizuri sana. Inyanyue kidogo unapopita mbele. Mhazini atajua, lakini mhazini hasemi.

4. Jifue penye watazamaji

Kambi ya akina Kipchoge pale Kaptagat iko kwenye ubaridi, zaidi ya mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Wanaamka gizani. Zile kilomita 30 au 40 za mbio ndefu wanazimaliza wakati wewe bado unatafuta soksi. Na Kipchoge, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni, binadamu wa kwanza kumaliza umbali huo chini ya saa mbili (Vienna, Oktoba 2019, saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi), amejulikana kwa kushika zamu yake ya kusafisha vyoo vya kambi na wenzake.

Vyoo, mpendwa. Mtu mwenye mamilioni.

Usiige. Kazi za kanisa ziko za namna mbili: zenye maikrofoni na zenye ndoo. Za maikrofoni ziombe kwa unyenyekevu, "ikiwa wapendwa mtaona inafaa". Za ndoo zikitangazwa, huo ndio wakati wa kupokea simu ya muhimu ukielekea maegesho.

Kufunga nako kuna ufundi wake. Usipake mafuta midomoni tangu asubuhi. Saa nne chai na chapati zikifika ofisini, sema "Hapana, asante," kisha nyamaza kabisa. Usitoe sababu. Subiri. Mmoja atauliza, "Unaumwa?" Tikisa kichwa, tabasamu kwa uchovu, tazama dirishani. Wa pili atasema, "Kumbe umefunga!" Sasa inamisha macho na useme, "Tuombeane tu." Umemaliza. Saa saba unaweza kupita kwa mama lishe wa mtaa wa pili, ambako hakuna anayekufahamu, ukapiga wali maharage bila wasiwasi. Na usiogope maneno ya Yesu kuhusu wanaofunga ili waonekane: alisema wameshapata malipo yao. Yametoka papo hapo, bila foleni. Nani mwingine siku hizi analipa haraka hivyo?

5. Mkesha, au namna ya kulala ukiwa vitani

Kiti cha plastiki kinasaliti, usingizi ukikulemea kinateleza na wewe. Tafuta benchi la mbao lenye benchi jingine mbele yake. Piga magoti. Laza mikono juu ya mgongo wa benchi la mbele, paji la uso juu ya mikono, uso uelekee chini. Mkao huu ni wa mtu aliyezama katika maombi na ni wa mtu aliyelala, na hata malaika sidhani kama wanatofautisha bila kuinama. Biblia iweke sakafuni mapema. Ikidondoka yenyewe saa tisa usiku, mlio wake unaweza kumaliza heshima uliyoijenga miaka kumi.

Ukizinduka, usiangaze huku na huko. Sema kwa nguvu, "Ndiyo, Bwana!" Inafaa wakati wa toba, inafaa wakati wa shukrani, na nimeiona ikifaa hata katikati ya matangazo ya ujenzi.

6. Kabidhi kijiti kabla ya kukimbia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wazee walisema. Wewe tuma mtoto. Katika mbio za kupokezana vijiti kila mmoja ana mzunguko wake, lakini tazama nyumba zetu: mama ndiye anaomba, ndiye anafunga, ndiye anawapeleka watoto shule ya Jumapili, ndiye yuko jumuiya Jumatano, na anayekata utepe ni baba, siku ya mavuno, akiitwa mbele kwa jina la familia. Kama mpango huu umeshasimama kwako, usiuguse.

7. Njia ya mkato

Sasa tufike kwenye kiini. Utasikia watu wakisema hakuna njia ya mkato. Ipo, na ina historia ndefu.

Agosti 1904, marathoni ya Olimpiki, St. Louis, Marekani. Joto kali, vumbi la magari, maji ya kunywa hayapatikani kwa urahisi. Fred Lorz anachoka mapema, anapanda gari la msafara, anakaa humo kwa kama kilomita 18 akiwapungia mkono wenzake. Gari linaharibika njiani. Yeye anashuka, mwili umepoa, anakimbia taratibu mpaka uwanjani na kuingia wa kwanza. Uwanja unalipuka. Alice Roosevelt, binti wa rais, yuko tayari kumvika taji. Ndipo wambeya wakatokea. Lorz akasema alikuwa anatania tu.

Shika neno hilo. "Nilikuwa natania" ibaki mfukoni kila siku.

Mwisho wa Lorz unasikitisha kidogo. Mwaka uliofuata alishinda Boston Marathon, safari hii kwa kukimbia. Sijui nani alimshauri.

Aliyepewa ushindi St. Louis, Thomas Hicks, naye anatufaa. Wasaidizi wake walikuwa wakimpa striknini pamoja na brandi njiani ili miguu iendelee kwenda, na alifika akiwa nusu mfu. Ndivyo unavyoweza kuishi kiroho kwa makongamano. Siku tatu za vipaza sauti, unalia, unaruka, unaandika maazimio, unarudi nyumbani una moto. Moto ukizima, ulizia kongamano lijalo liko mkoa gani. Katikati ya kongamano na kongamano usifanye lolote, usije ukaharibu dozi.

Halafu kuna Rosie Ruiz. Boston, Aprili 1980. Anakata utepe wa kwanza kwa wanawake, saa 2:31:56, anavikwa taji. Siku chache baadaye ananyang'anywa na ushindi anapewa aliyestahili, Jacqueline Gareau wa Kanada, kwa sababu ilionekana Ruiz aliingia barabarani karibu na mwisho. Kilichomponza ni vitu viwili, na vyote viwili unaweza kuvirekebisha.

Kwanza, hakuwa na jasho. Ametoka kumaliza marathoni na nywele ziko mahali pake! Wewe lowa. Ukitaka kusimama kutoa ushuhuda wa safari ngumu, usije umetoka saluni.

Pili, hakuwa na msamiati. Kathrine Switzer, mwenyewe mkimbiaji mashuhuri, alimhoji pale pale na kumuuliza kuhusu mazoezi ya kukimbia kwa kasi na kupumzika kwa zamu, jambo ambalo mkimbiaji yeyote analifanya kila wiki. Ruiz hakuelewa anaulizwa nini. Kwa hiyo kariri. "Nimepita jangwani." "Bwana amenivusha." "Yamekuwa ni mapito." Sema "mapito" na hakuna atakayeomba ratiba ya safari. Ukiwa na sentensi sita za namna hiyo unaweza kuingia barabarani wiki ya Pasaka, kwenye kilomita ya mwisho, na ukapokelewa kama mtu aliyetoka na wenzake Jumatano ya Majivu.

8. Jumapili

Eric Liddell wa Uskoti alikataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo ulipangwa Jumapili. Akahamia mita 400, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata akaenda China kuwa mmisionari, na mwaka 1945 akafia huko kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani. Mtu mgumu. Wewe geuza: Jumapili ndiyo iwe siku yako ya mazoezi. Vikundi vya jogging vya Dar vina nyimbo, vina fulana za kufanana, na supu baada ya hapo. Ukiulizwa, sema mwili ni hekalu.

9. Uwe na jeraha

Mchezaji majeruhi hapangwi, halaumiwi, na hukaa jukwaani na miwani ya jua. Tafuta jeraha mapema. Mwenyekiti wa kwaya aliyekujibu vibaya mwaka 2014 anatosha kabisa. Lihifadhi. Kila ukiitwa kwenye utumishi, vua soksi, onyesha kovu. Kocha mzuri atataka kukupa mazoezi ya kurudisha nguvu: kumfuata yule mtu, kuzungumza naye, kusamehe. Kataa. Ukipona tu wanakupanga.

10. Onyo kuhusu watu fulani

Nimebakiza jambo moja, na nalisema kwa sababu nakupenda.

Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio juu kiasi kwamba hewa yenyewe ni nyembamba. John Stephen Akhwari, kijana wetu kutoka Mbulu, alianguka katikati ya marathoni akaumia goti vibaya. Alikuwa na sababu zote ambazo mwongozo huu unazitafuta. Jeraha analo. Dunia imeliona. Gari la kumbeba lisingekosekana. Mamo Wolde wa Ethiopia alishachukua dhahabu yake, medali zimeshagawiwa, watu wengi uwanjani wameshaondoka. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Akhwari akaingia na bendeji mguuni, anachechemea, akamaliza. Wa mwisho kati ya waliomaliza.

Watu wa aina hiyo wanaharibu soko. Na wapo hata usharikani kwenu. Yule mama wa magoti mabovu anayefika sala ya alfajiri kabla ya mlinzi kufungua geti. Yule mzee anayesoma sura moja kwa siku kwa kidole, bila kalamu ya rangi hata moja, na ameshaimaliza Biblia nzima, na hajamwambia mtu. Yule kijana aliyeanguka vibaya mwaka juzi, kanisa zima likajua, na Jumapili iliyofuata akaja akakaa mahali pake pa kila siku. Usikae karibu nao. Ukikaa karibu nao muda mrefu utaanza kujiona una jasho, na mbaya zaidi, utaanza kulipenda.

Wakija upande wako, hama benchi. Nenda kulia kwa madhabahu, safu ya pili, ukingoni. Kamera ya matangazo ya mtandaoni iko upande huo, na wakati wa sadaka mpigapicha huwa anaivuta karibu.